Tangulia, Mtama Ulioiva Peke Yake

Mkwe wangu aliposhusha masuke ya Tangulia kutoka juu ya jiko, masizi yalimmwagikia usoni mpaka mwanawe akamcheka. Hakujifuta. Aliyashusha yote, akayaweka kwenye ungo, akakaa chini na kuanza kuyapukusa kwa viganja.

"Yote, mwanangu?" nikamwuliza.

"Yote, mama."

"Hata suke moja la kubaki?"

"Mbegu ya kuning'inia haijazi tumbo la mtu."

Huyo mwanawe, mjukuu wangu, tunamwita Sisimizi, kwa kuwa tangu alipojua kutambaa hakuna alichokikuta chini akakiacha. Punje, kifungo, ganda la yai, vyote hubebwa kupelekwa kwa mama yake. Mwaka uliopita, mwezi ule ambao ghala hubaki na panya peke yao, Sisimizi aliacha kubeba vitu. Alikaa tu pale ulipomweka. Nywele zikaanza kugeuka rangi ya kutu, tumbo likatangulia na miguu ikabaki nyuma. Tulivuka, lakini tulivuka kwa kushikwa mkono. Mama yake aliapa mbele yangu, kiganja juu ya kichwa cha mtoto, kwamba mwezi ule hautamkuta tena Sisimizi na bakuli tupu. Na mtama unaoiva kabla ya mwezi ule ni mmoja tu, Tangulia.

Mtama wetu si mtama mmoja. Anayepita njiani huona shamba akasema, ule mtama, kama vile mtu anavyopita nje ya nyumba akasema, wale watoto, bila kujua yupi mkorofi na yupi mpole. Mkwe wangu alipoolewa hapa hakuwa akiijua mitama hii, maana kwao walilima mihogo. Nikamfundisha kwa vitendawili, tukiwa tunapalilia.

"Kitendawili."

"Tega, mama."

"Wanangu wote wana ndevu, hata wa kike."

Akafikiri jembe likiwa limesimama hewani. "Nipe muda. Si mahindi?"

"Mahindi yana nywele, hayana ndevu. Gusa hilo suke lililo mbele yako."

Akaligusa, likamchoma kidole. Ndiye Ndevu huyo. Ndege akitaka kumla, anachomwa machoni.

"Mwenye nyumba kainama, wageni hawana pa kukaa."

Hicho alikitegua mwenyewe: Kiinama, ambaye suke lake hupinda shingo likaangalia chini, ndege akija kutua anateleza. Mtama mwekundu tunauita Mchungu. Huo tunaupanda pembezoni kama ukuta, na kuula lazima uuloweke kwenye maji ya majivu. Ndege hana majivu. Tangulia ndiye pekee asiye na silaha. Mfupi, mweupe, mtamu hata ukiutafuna mbichi, na huiva wakati wenziwe bado wanajinyoosha.

Zamani kila nyumba ilikuwa na kipande cha Tangulia karibu na jiko, pale tunapomwaga majivu. Kilikuwa kidogo tu, cha kuvukia mwezi wa njaa. Ndege walikuja, walikula kwangu kidogo, kwa jirani kidogo, kwa binti yangu kidogo. Walikuwa wageni wa watu wote, hakuna aliyeona uzito wao.

Kisha kikaja kikundi cha wakulima. Mbegu ya kikundi ni moja. Inasimama yote urefu mmoja, inaiva yote siku moja, na lori linaifuata mpaka shambani. Siisemi vibaya, hata mimi niliipanda shamba la chini. Lakini ili kila mtu apate nafasi ya kuipanda, vile vipande vya karibu na jiko vililimwa vikageuzwa. Hilo nililiona kwa macho, nyumba baada ya nyumba. Sikulijumlisha.

Basi mkwe wangu akapanda shamba lote la juu Tangulia mtupu. Mvua ikaitikia. Mtama ukatoka, ukanenepa, ukachanua. Ghala letu lilipoanza kutoa sauti ya chini kila ukiingiza kibaba, masuke ya shamba la juu yalikuwa yamejaa, na punje ukiibana kwa ukucha ilitoa maziwa. Mkwe wangu alikuwa akienda kuibana kila asubuhi kama mtu anayempima mtoto homa.

"Bado kidogo, mama," alikuwa akisema. "Maziwa yakigeuka unga, tunavuna."

Ndege wa kwanza walikuja wachache, tukawacheka. Kesho yake wakaja na shangazi zao. Siku iliyofuata nilitoka nje nikadhani ni wingu la vumbi limeinuka bondeni. Lilikuwa linageuka geuka, likikunjuka na kujikunja, halafu likashuka lote mahali pamoja. Ndipo hesabu niliyokuwa sijaifanya ikajifanya yenyewe. Bonde zima hapakuwa na punje nyingine yenye maziwa isipokuwa ya kwetu.

Mwanangu, mume wake, ni fundi wa matofali. Tanuri likiwashwa haliachwi, kwa hiyo tulimwona mara moja moja. Alikuja akatujengea dungu katikati ya shamba, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, akavuta kamba kutoka pale kwenda pembe zote na kufunga makopo, kisha akarudi kwenye moto wake. Kazi ya kuamia ndege ikabaki kwetu sisi wanawake wawili na Sisimizi. Mkwe wangu alikuwa na ufito na rundo la udongo uliokandwa. Anabandika tonge la udongo kwenye ncha, anaufyatua, tonge linalia hewani, ndege wanaruka upande huu na kutua upande ule. Mimi kwa sababu ya goti langu nilikaa juu ya dungu nikivuta kamba. Makopo yakilia, Sisimizi alikuwa akipiga makofi, mwanzoni. Baadaye aliacha.

Binti yangu wanamwita Pilipili, na jina hilo sikumpa mimi. Ndiye katibu wa kikundi, na shamba lake linapakana na la juu. Alipita asubuhi moja na jembe begani, akasimama kwenye mpaka.

"Wifi, hujambo? Naona umefungua hoteli."

"Karibu, wifi. Chumba kipo."

"Wateja wako hawalipi."

"Hata wewe ukija kula hulipi."

Pilipili akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Nimetumwa. Watu wa kikundi wanasema ukate."

"Nikate nini?"

"Huo mtama. Unawanenepesha ndege hapa, wanazoea. Wiki mbili tatu zijazo wetu nao utaanza kujaa maziwa, wao wapo, wameshajenga na viota. Ukikata leo watahama."

"Wifi, leo ukiukamua ni maji. Nikikata leo nakata maji."

"Mtoto anakunywa hata maji."

"Na mbegu?" mkwe wangu akauliza. "Mbegu mbichi haioti. Nimepanda yote. Nikikata yote, Tangulia amekwisha. Wewe unayo kwako? Kuna nyumba unaijua inayo?"

Pilipili akahamisha jembe bega la pili. Akaniangalia mimi juu ya dungu. "Mama, mwambie mkweo. Mgeni siku ya tatu anapewa jembe, hawa wana wiki nzima."

"Wana mabawa, mwanangu," nikasema. "Jembe watalishika na nini?"

Hakucheka tena. Aliondoka akipita katikati ya mtama wake, na sisi tukaendelea kuvuta kamba. Nilibaki na uchungu wa mzazi. Mkwe alikuwa na haki yake, binti alikuwa na haki yake, na wote wawili walitaka mimi niseme.

Mwanangu alipokuja tena, nguo zimejaa vumbi jekundu, alizunguka shamba akirudisha nyuma masuke kwa mkono. Upande wa bondeni masuke yalikuwa yamebaki fagio. Alikula uji mwepesi tuliokuwa nao, akaangalia ndani ya bakuli la mwanawe.

"Mama Sisimizi, kata," akasema.

"Siku chache tu, Baba Sisimizi. Maziwa yameanza kuwa mazito."

"Hizo siku chache nani anazo? Wewe macho yameingia ndani. Mama goti limevimba. Mtoto huyu hapa. Tunangoja nini?"

"Tukingoja, tunakula mara mbili ya hiki. Na mbegu inabaki."

"Mbegu za kikundi zipo. Zimejaa."

"Za kikundi zinaiva lini?"

Mume wake alijua. Alikunja miguu, akamvuta mtoto akamweka mapajani, akawa anamwonyesha kifungo cha shati lake. Sisimizi alikiangalia tu kile kifungo. Hakukishika. Tuliona wote watatu kwamba hakukishika.

Asubuhi yake mwanangu alirudi tanurini, na mtoto akaamka amelegea, kichwa hakikai. Mama yake akamfunga mgongoni kwenda zahanati. Aliniacha juu ya dungu.

"Mama, utaweza?"

"Nenda. Nitaweza."

Sikuweza. Wingu lilipokuja lilikuwa kubwa kuliko la siku zote. Nilivuta kamba, makopo yakalia, wakainuka kidogo wakashuka. Nikavuta tena, wakainuka kidogo zaidi ya pale, wakashuka. Ndege naye anajifunza. Walikuwa wameshajua kwamba kopo halina meno. Nikaita kwa binti yangu, nikamwona ameinama kwenye shamba lake, ameinua kichwa, ameinama tena. Nikashuka kwenye dungu kwa makalio kama mtoto, nikaingia kwenye mtama nikipiga mabua kwa fimbo yangu. Mbele yangu wanainuka, nyuma yangu wanatua. Kelele yao ilikuwa kama mafuta yanayokaanga kitu, nami katikati ya kikaango. Nilipiga mpaka fimbo ikavunjika, kamba ya upande wa juu nayo ikakatika pale nilipoikanyaga. Walikula huku wananiangalia.

Mkwe wangu aliporudi nilikuwa nimekaa kwenye tuta. Alisimama akalitazama shamba. Robo tatu lilikuwa fagio.

"Wamesemaje?" nikamwuliza, kwa sababu sikutaka aniulize yeye kwanza.

"Hana malaria. Wamempima mkono kwa ule utepe wa kupimia watoto waliokonda, wakaniangalia. Nesi akaniuliza, mama, nyumbani mnakula nini?" Alimshusha mtoto, akanikabidhi. "Nikamwambia tuna shamba."

Akaingia ndani akatoka na kisu na kikapu. Alianzia upande ule uliosalia, anashika shingo ya suke, anakata, anatupa kikapuni. Nikamwona ananyoosha mkono kama mtu anayemnyang'anya mtu kitu. Nami nikamketisha Sisimizi kivulini nikachukua kisu cha jikoni tukakata wote. Ndege walikuwa wakitua kwenye mstari ule ule tunaoukata, mbele yetu kidogo tu, kama wenzetu wa zamu.

Tulipofika karibu na mwisho nikamshika kiganja.

"Acha hayo, yawe mbegu."

"Mama, hayo ni sahani ya mtoto."

"Ndiyo. Ni sahani moja."

Tukatazamana. Sijui angeniambia nini kama Sisimizi asingekuwa ameanza kutafuna. Alikuwa amevuta suke kutoka kikapuni, analinyonya, maziwa ya mtama yanamtiririka kidevuni. Mama yake akakaa chini mahali pale pale akamwangalia anavyokula. Kisha akafuta kisu kwenye kanga yake akakikunja.

"Haya, nimeyaacha," akasema. "Lakini ndege hawatayaacha."

Tulichana shuka kuukuu tukayafunga masuke yale vilemba. Jioni hiyo tulitwanga mtama mbichi, tukauchemsha ukawa uji wa kijani kibichi mzito, na Sisimizi alikula akalala na kijiko mkononi. Mimi nilikula vijiko viwili. Ulikuwa mtamu.

Kesho yake vilemba vilikuwa na matundu. Ndege mwenye njaa hatishwi na kitambaa. Mkwe wangu akaenda kuokota mifuko ya nailoni nyuma ya duka, ile migumu inayofungiwa sukari, akaiosha, akavalisha kila suke mfuko juu ya kilemba, nami nikafunga fundo chini. Nilifunga vizuri, nikakaza. Ndege walikuja, wakadonoa nailoni, ikawashinda. Siku chache baadaye wakahama. Pilipili alipita akasema bondeni kumenyamaza.

Tukala ule mtama mbichi kidogo kidogo, tukiuanika na kuutwanga. Haukufika mwisho wa mwezi, nusu yake tuliivuka kwa majani na kwa kile alicholeta fundi wa matofali. Lakini mtoto alisimama. Siku moja aliniletea ganda la konokono, akaniwekea kiganjani akaenda zake. Nilimwita mama yake aje aone ganda la konokono.

Mvua za mwisho zikanyesha mfululizo. Zilipokatika tukaenda na kisu shamba la juu kuvuna mbegu. Mifuko ilikuwa imejaa jasho kwa ndani, hatukuona kitu. Mkwe wangu akafungua wa kwanza. Kilemba kilikuwa kimeota ukungu mweusi, na chini yake kila punje iliyokuwa nzima ilikuwa imetoa mkia mweupe, mwembamba kama uzi.

Tangulia hajui kungoja. Ndiyo sifa yake na ndiyo kasoro yake. Tulimfungia maji ndani ya mfuko, akadhani amepandwa.

Akafungua wa pili, wa tatu, yote. Mengine yalikuwa yameoza kabisa, mengine yamechipua. Hapakuwa na punje kavu hata moja ya kuning'iniza juu ya jiko.

"Nimemuua," mkwe wangu akasema.

"Tumekaza wote, mwanangu. Fundo ni langu."

"Sasa tunafanyaje? Kilichochipua hakirudi kuwa mbegu."

"Hakirudi. Lakini hakijafa."

"Mama, mvua imekwisha."

"Unaoga au huogi?"

Akanitazama kama mtu aliyetegewa kitendawili mahali pasipo pake. Halafu akainua kikapu. Nyuma ya bafu letu, pale maji ya kuogea yanapotokea chini ya ukuta, kuna udongo ambao haukauki mwaka mzima. Hapaendi mtu isipokuwa bata. Tuling'oa magugu, akaanza kupanda kwa kidole. Alikuwa akichagua punje zenye mkia ulionyooka, anachimba tundu, analaza punje mkia chini, anafunika taratibu. Punje zilizoharibika Sisimizi alizikusanya upande wake akawa na shamba lake.

Nilikaa kwenye jiwe nikahesabu yale yasiyopendeza. Mtama ungetoka wakati wa kiangazi. Ungejaa maziwa wakati mashamba ya kikundi yameshavunwa na bonde limekuwa tupu, na hao ndege tunawajua. Maji ya kuoga ya watu wachache hayalishi mtama mwingi. Niliyasema baadhi, mengine nikayameza, kwa sababu mkwe wangu alikuwa anayajua na mkono wake haukusimama.

Pilipili akatokea pembeni ya bafu. Sikumwona alikotoka. Mikono alikuwa ameifunga kifuani, na hakuwa na jembe.

"Mnapanda sasa hivi?" akauliza.

"Umechipua," mkwe wangu akajibu bila kuinua kichwa.

"Nimesikia." Akasimama. Akamwangalia Sisimizi, akainama akamfuta tope kwenye shavu. Huyu binti yangu alipokuwa na umri huo, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutafuna Tangulia nyumba hii, na aliota meno kwa huo mtama. Hakulisema hilo, nami sikumkumbusha.

"Wifi," akasema, "hata kwangu kuna bafu."

Mkwe wangu akaacha kupanda.

"Siku mama anakuita," akasema polepole, "ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Ukainama."

"Niliinama." Pilipili akaishusha mikono. "Nilisema moyoni, wakimaliza wataondoka. Ndivyo nilivyosema."

Bata alikuja akanyoosha shingo kwenye kikapu, Sisimizi akamfukuza. Nilitaka kuingia kati, nikauma ulimi, kwa sababu mbegu haikuwa yangu tena. Nilimpa mkwe wangu siku aliyoishusha, na masizi usoni.

Mkwe wangu akavuta kikapu akakiweka mapajani. Zilikuwa zimebaki chache. Alichagua, akatenga, akarudisha nyingine, akatenga tena, uso ameukaza. Kisha akakunjua kiganja cha wifi yake, akamwekea, akakifunga kwa mikono yake miwili asizimwage.

"Mkia chini," akamwambia. "Usizifukie sana. Na leo hii, usilale nazo."

"Silali nazo."

"Na ndege wakija kwako?"

"Wakija kwangu," Pilipili akasema, "watakuwa hawako kwako."

Akaondoka akitembea kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani. Mkwe wangu aliendelea kupanda zile zilizobaki. Hazikumaliza mstari. Alipofika mwisho alichukua kopo, akaingia bafuni, tukasikia anajimwagia. Maji yakatoka chini ya ukuta, yakatambaa kwenye udongo, yakafika katikati ya mstari wa kwanza, yakaishia hapo.